Filimbi Ishirini na Mbili

Jumatano, 1 Oktoba 1997

Inatangazwa rasmi, kwa majirani, kwa wapita njia na kwa kuku wote wa mtaa wa Umoja, kwamba leo saa kumi jioni mimi, Ndanu, fundi wa cherehani, mjane wa marehemu Muoki na mama wa Mbeti, nimechaguliwa bila kupingwa kuwa katibu wa Kamati ya Filimbi. Sikupingwa kwa sababu ni mimi peke yangu niliyekuja na kalamu.

Filimbi ni ishirini na mbili, za plastiki, rangi ya chungwa, moja kwa kila mlango wa ploti yetu, vyumba vya kupanga vyenye geti moja. Mwenyekiti ni Mzee Mutunga, dereva mstaafu wa serikali, ambaye bado husema "gari langu" akimaanisha Landrova aliyoirudisha miaka sita iliyopita. Sababu ya kamati ni kwamba wiki jana majambazi waliingia ploti ya jirani wakamkata mtu panga begani. Mkewe alipiga nduru na watu wakatoka. Mzee Mutunga hakufurahia hiyo nduru.

"Nduru ni ya kijijini," alisema. "Hapa ni Nairobi. Mtu wa Nairobi hupuliza filimbi."

Hakuna aliyecheka. Mimi mwenyewe tangu siku ile huegemeza meza mlangoni nikiwa ndani, hata mchana.

Ijumaa, 3 Oktoba

Mvua.

Jumapili, 5 Oktoba

Jaribio la kwanza. Mzee alipuliza saa nane mchana. Walitoka watu wanne, na mmoja alikuwa anaenda chooni.

Hapo nilifungua mdomo. Nina kitabu. Alikiacha mpangaji aliyekuwa hapa kabla yangu, mwanafunzi wa ualimu, pamoja na soksi moja. Jalada limeng'oka kwa hivyo sijui nani alikiandika, lakini kinahusu jinsi viumbe wanavyojifunza tabia. Nimekisoma mara mbili, kamusi mkononi. Kuna panya ndani ya sanduku. Akibonyeza kitufe, chakula kinaanguka. Baada ya siku chache panya hana shughuli nyingine duniani isipokuwa kitufe.

Nikasema: filimbi ikilia, atakayefika wa kwanza apewe mandazi mawili na kikombe cha chai. Mandazi nitapika mimi.

"Hiyo umeitoa wapi, Mama Mbeti?" Mzee akaniuliza.

"Kwa kitabu."

Aliitikia kwa kichwa, kwa heshima. Nadhani alifikiri ni Biblia. Sikumsahihisha.

Jumanne, 7 Oktoba

Jaribio la pili. Watu kumi na tisa. Mativo, mchonga vinyago wa mlango wa nane, alifika wa kwanza akiwa na povu la sabuni usoni na patasi mkononi. Alikula mandazi yote mawili akiwa amesimama.

"Mama Mbeti, hii filimbi yenu iko sawa," akasema. "Manze, ilie kila siku."

Alhamisi, 9 Oktoba

Ililia. Paka.

Jumamosi, 11 Oktoba

Ililia. Mativo alipuliza, anasema aliona kivuli. Kivuli kilikuwa cha Mativo. Na ndiye aliyefika wa kwanza.

Jumapili, 12 Oktoba

Nimeacha kuegemeza meza mlangoni. Watu wazima ishirini na kitu wanakimbia kwenye matope kwa sababu ya unga, sukari na mafuta, na ni mimi niliyewafunza. Nimemwandikia Mbeti barua huko shuleni kwake Machakos nikamwambia mama yake sasa ni mtaalamu.

Alhamisi, 16 Oktoba

Nataka kuandika hii polepole.

Mvua ilikuwa imenyesha tangu asubuhi. Kama saa kumi jioni ilipungua, na mtu akaingia getini akiwa amejitwika gunia kichwani. Mlango wa kwanza karibu na geti ni wa Mama Nasike. Mumewe, Masinde, hufanya kazi kiwanda cha mikebe, zamu ya kuanzia saa nane mchana, kwa hivyo jioni mama huwa peke yake na Nasike wa miaka sita na mtoto mchanga. Yule mtu alisimama dirishani mwake akachungulia. Akaenda hatua mbili, akarudi, akachungulia tena.

Mama Nasike akapuliza.

Sijawahi kuona watu wakitoka hivyo. Hawakuwa wanakuja kumsaidia mtu, walikuwa wanashindana. Mativo alifika wa kwanza, na kwa kuwa alifika wa kwanza, akapiga wa kwanza. Wa pili akapiga kwa sababu Mativo alipiga. Wa tano hakuweza kumfikia akawa anapiga teke kupitia katikati ya miguu ya wengine. Mtu mmoja, ambaye namjua na ambaye huimba kwaya, aliuliza kama kuna tairi kuukuu mahali. Alikuwa anauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeomba kiberiti.

Gunia lilipasuka. Zilimwagika ndengu. Ndengu kijani, safi, zimepepetwa vizuri, zikatapakaa kwenye matope. Ndipo nikasikia yule mtu alikuwa anaita jina muda wote huo, "Mutunga, Mutunga," na Mzee Mutunga akatoka na kandambili moja mguuni akasema kwa sauti ndogo, "Huyo ni Ndeti. Huyo ni shemeji yangu."

Ametoka Mwingi asubuhi. Alisahau nambari ya mlango. Meno mawili yamemng'oka na jicho moja limevimba likafumba.

Mimi nilikuwa nimesimama hapo nyuma nikiwa nimeshika sinia ya mandazi. Mativo alinyoosha mkono kuchukua, akatazama ngumi yake, kisha akaurudisha.

Ijumaa, 17 Oktoba

Sikupika. Nimerudisha meza mlangoni. Safari hii sijui ni ya kuzuia nani.

Jumapili, 19 Oktoba

Mkutano kwenye mvua. Mzee Mutunga alivaa tai.

"Mtu alipuliza filimbi bila jambazi," alisema. "Matokeo mmeyaona."

"Mzee, niliona mtu dirishani," Mama Nasike akasema. Mtoto alikuwa mgongoni. "Ningejuaje ni shemeji yako? Hajaandikwa usoni."

"Ungemuuliza."

"Nimuulize jambazi kama ni jambazi?"

Wengine wakacheka, na Mzee hakupenda. Alisema mandazi yamekwisha kuanzia leo. Alisema pia lazima kuwe na adhabu, ili filimbi iheshimiwe. Atakayepuliza bure atazibua mtaro wa katikati ya ploti wiki nzima, asubuhi na jioni, watu wakiona. Kisha akanigeukia.

"Katibu. Kitabu kinasemaje?"

Macho yote kwangu. Hakuna aliyekuwa ametaja kwamba mandazi yalikuwa wazo langu, lakini nilijua yeyote anaweza kutaja. Nikasema kitabu kinasema tabia inayofuatwa na maumivu hupungua. Ni kweli kinasema hivyo. Ukurasa unaofuata kinasema panya aliyechomwa umeme hajui amechomwa kwa kosa lipi. Huanza kuogopa kitufe, halafu sanduku, halafu hata mkono unaomlisha. Huo ukurasa sikuutaja. Watu walikuwa wananyeshewa.

Mikono ilihesabiwa. Wangu ulikuwa juu. Mama Nasike ndiye wa kwanza kuadhibiwa, kwa sheria iliyopitishwa siku tatu baada ya kosa lake.

Jumatatu, 20 Oktoba

Alianza saa kumi na mbili asubuhi. Amefunga mifuko ya plastiki miguuni, koleo mkononi, mtoto mgongoni. Mtaro umejaa maganda, nywele, vitambaa, na mengine ambayo sitaandika. Cherehani yangu iko dirishani, kwa hivyo naona kila kitu nikitaka nisitake.

Jumatano, 22 Oktoba

Anazibua jioni, mvua inaziba usiku, anaanza tena asubuhi. Mativo alipita akamwambia, "Mama Nasike, hapo chini kuna jambazi, piga filimbi." Ploti nzima ikacheka. Nilicheka pia, nikiwa na pini mdomoni, karibu niimeze.

Yeye akatumbukiza koleo tena.

Jumamosi, 25 Oktoba

Leo amemaliza. Nimegundua kitu: nilipokuwa namtazama, miguu yangu mimi ilikuwa inahisi baridi. Kitabu kinataja panya anayechomwa. Hakitaji panya wa sanduku la pili, anayetazama kupitia kioo.

Jumanne, 4 Novemba

Hakuna filimbi.

Jumamosi, 8 Novemba

Mativo ameibiwa suruali mbili na ndoo, saa sita mchana, kwenye kamba yake mwenyewe.

"Hukumwona?" nikamuuliza.

"Nilimwona."

"Na filimbi?"

Alijikuna shingo. "Nilifikiria labda ni mgeni wa mtu. Akazikunja vizuri hivi, Mama Mbeti, kama mtu anazijua. Msee anakunja suruali hivyo, unapigia filimbi aje?"

Jumatano, 12 Novemba

Mvua. Wanasema barabarani kuna gari limezama hadi kioo. Jiko la mlango wa kumi na sita limepotea. Mwenyewe anasema pengine alimwazima mtu akasahau.

Jumapili, 16 Novemba

Mkutano mfupi. Mzee Mutunga alitangaza kwamba zimepita wiki nne bila filimbi hata moja kulia, na kwamba usalama umerejea kikamilifu. Watu walipiga makofi. Niliandika kwenye kumbukumbu: usalama umerejea kikamilifu.

Nilijua si kweli. Niliangalia zile nyuso, nikaangalia filimbi zikining'inia vifuani kama medali, nikajua hakuna hata mmoja atakayepuliza, hata nyumba ikiungua. Ningesema. Lakini kusema ni kukubali ni nani aliyejibu alipoulizwa kitabu kinasemaje.

Ijumaa, 21 Novemba

Watu wawili wamesimama nje ya geti kwa muda mrefu, wamevaa makoti ya mvua. Walikuwa wanatazama milango. Wakaondoka.

Jumamosi, 22 Novemba

Wamerudi. Mmoja alikuwa anahesabu kwa kidole. Nimemwambia Mzee. Akasema, "Hawajaingia, Katibu. Kutazama si kosa."

Jumatatu, 24 Novemba

Hawakuja. Nililala nimevaa viatu.

Jumatano, 26 Novemba

Ilikuwa jana. Jana sikuandika.

Saa kumi na moja na nusu jioni. Mvua karibu iwe ya mawe, bati linapigwa hadi sikusikia cherehani yangu mwenyewe, nilikuwa naona tu sindano ikipanda na kushuka. Giza la mawingu. Wale wawili wakaingia getini. Makoti marefu, buti za mpira. Hawakujificha. Walipangusa buti mlangoni kwa Mama Nasike kama watu waliolelewa vizuri, wakabisha. Mlango ukafunguka, wakaingia, ukafungwa. Kisha pazia likavutwa.

Mama Nasike havuti pazia kabla ya kuwasha taa. Najua, kwa sababu kazi yangu ni kukaa dirishani.

Nilishika filimbi. Nikafikiri: pengine ni ndugu za Masinde kutoka Webuye. Nikafikiri: pengine ni watu wa maji. Nikamfikiria Ndeti na meno yake kwenye ndengu. Nikajiona mimi, katibu mzima, nimefunga mifuko miguuni, na Mativo anapita na neno lake. Nitaandika ukweli kwa kuwa daftari hili halina mwenyekiti: kati ya yote niliyofikiria, mtaro ndio uliochukua muda mrefu zaidi.

Nikaendelea kushona. Ndiyo. Nilishona mkono mzima wa blauzi, nikaushona ndani nje, huku nikitazama lile pazia. Likatikisika. Mkono mdogo ukatokea pembeni ya kioo, vidole vitano, halafu ukavutwa ndani kwa nguvu, na hakukuwa tena na la kujiuliza.

Niliweka filimbi mdomoni. Pumzi ikatoka bila sauti, kama mtu anayepoza chai. Mara ya pili vivyo hivyo. Mara ya tatu ikalia. Nikafungua mlango nikapuliza kwa nguvu zote, nikiangalia milango ishirini na moja, na hakuna mlango uliofunguka. Nikapuliza tena. Nikasubiri. Maji yalikuwa yanapita juu ya miguu yangu, na ploti yote imefungwa kama duka siku ya mazishi.

Nilitembea mpaka katikati, nikasimama ndani ya mtaro wenyewe. Sikuamua kupiga nduru. Ilitoka. Sikuwa nimeipiga tangu Muoki afe. Nikaipiga nikigonga mlango baada ya mlango kwa ngumi mbili, na kila nilipogonga mlango ulifunguka. Mativo akatoka na patasi. Mzee Mutunga akatoka na spana. Wale watu walipoona hivyo wakatoka mbio na redio ya Masinde, wakapita katikati yetu, na safari hii hakuna aliyekimbilia kuwa wa kwanza.

Mama Nasike alikuwa chini karibu na kitanda. Kifundo cha mkono wa kulia kimevunjika, kinaning'inia. Watoto walikuwa chini ya kitanda, wazima. Filimbi ilikuwa kifuani mwake, ya chungwa, haina hata mkwaruzo.

Alhamisi, 27 Novemba

Nimekaa na kitabu mchana kutwa. Nimechora milango ishirini na miwili kwenye karatasi ya kuchorea mitindo ya nguo na kuandika kila mmoja alijifunza nini na alijifunza lini. Inatoka sawa kabisa. Zawadi iliwafanya wakimbie bila kutazama. Adhabu iliwafanya watazame bila kukimbia. Na yule aliyeadhibiwa zaidi ya wote alikaa na watu wawili chumbani, filimbi shingoni, watoto chini ya kitanda, asiipulize.

Sijawahi kuelewa kitu vizuri hivi, na sijawahi kuogopa hivi. Majambazi walivunja mkono mmoja. Mimi niliziba midomo ya ploti nzima kwa unga na koleo.

Jumapili, 30 Novemba

Mkutano. Nilisimama nikawasomea ule ukurasa, kwanza kwa Kiingereza, kisha kwa Kiswahili. Nikawaambia nilikuwa nimeuruka. Mzee Mutunga alinyooshea kidole kalamu yangu.

"Adhabu imeondolewa," akasema. "Andika."

Nikaandika. Kisha nikawauliza kwa nini hawakutoka nilipopuliza. Mlango baada ya mlango, jibu moja: hatukusikia.

"Mama Mbeti, kusema ukweli sikusikia," Mativo aliniambia baadaye, ananifuata hadi mlangoni. "Ningesikia ningekuja. Hata bila mandazi."

Nilimwambia sawa. Sikumwamini. Panya pia angesema hivyo, kama angeulizwa.

Jumatano, 3 Desemba

Mvua. Silali.

Jumapili, 7 Desemba

Nimeenda kwa Mama Nasike baada ya kanisa. Plasta hadi kwenye kiwiko. Alikuwa anachagua mchele kwa mkono wa kushoto, Nasike anamshikia ungo. Masinde amebadilishiwa zamu, alikuwa nyuma ya nyumba anapigilia komeo jipya.

Nilikataa chai. Nilikuwa na kitabu na ile karatasi ya milango, na nilikuwa nimejipanga tangu Alhamisi ile nitakavyoanza. Nikamweleza kila kitu: panya, kitufe, mandazi, mtaro, mkono wangu ulioinuliwa, jinsi nilivyocheka na pini mdomoni. Nikamwambia niliwaona wakiingia. Nikamwambia kuhusu mkono wa blauzi. Alisikiliza akichagua mchele, hakuacha hata mara moja.

"Ni sisi tuliokufunza kunyamaza, Mama Nasike," nikamwambia. "Ni mimi. Hata siku ile hukuweza kupuliza."

Alichukua ungo kwa Nasike akauweka chini.

"Kunyamaza gani, Mama Mbeti?" akasema. "Nilipuliza. Mara tatu. Si ndiyo sababu walinivunja huu mkono."

Kisha akasema mvua ilikuwa kubwa, hakuna ambaye angeisikia.